Mguu wa Kwanza Hauazimwi

Alikuwa na methali moja ambayo hakuna bibi wala babu aliyewahi kuisema kabla yake: mguu wa kwanza hauazimwi. Aliitunga mwenyewe, akaitumia mpaka ikachakaa. Ukimwomba kalamu yake nyekundu, jibu lilikuwa mguu wa kwanza hauazimwi. Padri alipotaka kiti chake cha darasani kwa ajili ya harusi, alimwambia: "Mguu wa kwanza hauazimwi, Padri. Chukua benchi." Watu wa mtaa walidhani anasema habari za miguu ya kitanda. Sisi wanafunzi wake tulijua ni habari za kidude cheusi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, chenye miguu minane ya bati.

Nitamwita Madame, kama tulivyomwita sote. Alitufundisha elektroniki katika shule ya ufundi hapa Uvira. Jina lake analo mwenyewe. Wapo wanaolitaja vibaya hata leo, na mimi sina hamu ya kuwasaidia.

Huwezi kumkumbuka Madame bila mwavuli wake, mweusi, mpini wa mbao, ubavu mmoja umevunjika. Ndio uliokuwa kitabu chetu, maana vitabu vyenyewe havikuwapo. Siku ya kwanza ya somo la vidude vile aliunyanyua juu akatuuliza:

"Hii ni nini?"

"Mwavuli, Madame."

Akaushusha juu ya meza ya mvulana wa mbele, pwaa! Mvulana akaruka nusura atoke dirishani.

"Na sasa?"

"Fimbo, Madame."

"Iko kintu kimoja, iko na kazi mbili. Lakini wakati minye ninakuchapa nayo, mvua inakulowesha. Na wakati inakufunika, weye unanichezea. Haiwezi zote mbili mara moja. Munaelewa?"

"Tunaelewa, Madame."

"Hamuelewi kintu."

Kweli hatukuelewa, ila ule mwavuli ulituingia kichwani kuliko ubao wowote. Kila mguu wa kile kidude, alisema, unaweza kazi zaidi ya moja. Unaweza kusikiliza, unaweza kusema, mwingine unaweza hata kupima nguvu ya betri. Mguu hauchagui. Wewe ndiye unayeuandikia kazi yake kwenye kompyuta, unaimimina humo ndani, nao unatii. Miwili kati ya ile minane ni ya kuingiza umeme na kuutoa, hiyo usiiguse. Mitano ni ya kazi zako. Unabaki mmoja, ule wa kwanza, penye alama ya kitone. Huo kazi yake ni kukiamsha kidude kiache kilichokuwa kinafanya na kipokee somo jipya.

"Huu mutu anaweza kuunyang'anya kazi yake," alisema huku akiugusa kwa sindano. "Ukikosa miguu, unauandikia kazi ya kawaida, unapata mguu wa sita. Unafurahi. Lakini tangu siku ile haisikie tena somo jipya. Itakufa na masomo yake ya zamani, sawa na prefe wetu."

Prefe, yaani mkuu wa shule, alikuwa amesimama mlangoni. Madame alimwona na akamaliza sentensi yake.

"Hakuna dawa, Madame?" niliuliza.

"Banasema iko mashine ya kuirudisha. Minye sijaiona kwa macho. Kwa hiyo kwetu hapa hakuna dawa."

Huyo ndiye aliyekuwa Madame. Hakuogopa prefe, hakuogopa askari wa vizuizini, aliwaambia washushe bunduki kwanza ndipo aonyeshe karata yake ya uraia. Aliogopa vyura. Chura akiingia darasani, somo limekwisha, Madame yuko juu ya meza na mwavuli wake, akiomba watakatifu wote kwa majina. Alituhubiria kila siku kwamba kazi moja kwa wakati mmoja, na yeye mwenyewe alikuwa mwalimu, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti mbovu kupindukia, na mkalimani wa kila mama wa Kirundi aliyeshuka kutoka bondeni na mtoto mgonjwa. Ukipata sifuri alikutukana mpaka jasho likutoke, halafu saa ya mapumziko unakuta nusu ya muhindi wake wa kuchoma umewekwa juu ya daftari lako, na yeye anaangalia pembeni kana kwamba muhindi umejileta wenyewe.

Kidude chenyewe Wafaransa hukiita puce, sisi tukatamka pisi. Na kwetu Kongo kadi ya simu nayo ni pisi. Wiki ya kwanza mwenzetu mmoja aliuliza kwa adabu ni ya network gani. Madame alicheka, sote tukacheka. Neno lile lilikuja kutugharimu baadaye, nitafika huko.

Alikuwa na dada. Kwetu mkubwa wako wa kuzaliwa unamwita yaya, na mtaa mzima tulimwita Yaya kwa kumfuata Madame. Yaya aliuza unga wa muhogo, na wachungaji wa Rurambo walimshushia siagi wakabadilishana naye. Alikaa kando kabisa ya mto unaoshuka milimani na kukata mji wetu, katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. Mto huo, kiangazi unauvuka bila kulowesha magoti. Masika unabeba mbuzi, ukuta, mtoto, chochote ulichokiweka karibu. Kila jioni Madame alishuka kwa dada yake na sufuria ya chakula, na kila jioni waligombana.

"Yaya, hama. Kuja tukae wote ku kilima."

"Mto haukunikuta hapa. Minye ndiyo niliukuta. Tunajuana."

"Mto haijue muntu!"

"Na vidude vyako vinajua muntu? Kula, chakula inapoa."

Nilikuwa nawasikiliza nikiwa nje, maana nilimbebea Madame kikapu, nami nilicheka kama kichaa. Nilikuwa sijui kwamba yule mwanamke asiyeogopa prefe alikuwa halali vizuri kila mvua inaponyesha milimani. Aliniambia mara moja tu, tukipanda kurudi. Alisema, "Huyo ndiye mama yangu. Mama alinizaa tu, Yaya ndiye alinilea. Maji ikimubeba, minye niko nani?"

Kwa hiyo aliitengeneza sireni. Aliwaambia watu ni ya mtaa, na mtaa ukamshukuru, lakini sisi tuliompa koleo na risasi ya kuchomelea tulijua ni ya mtu mmoja mkaidi mwenye unga. Nyaya mbili zilikaa kwenye daraja la juu mtoni, moja chini, moja juu yake, ili kusikia maji yanavyopanda. Hiyo ni miguu miwili. Wa tatu ulipiga sireni juu ya paa la kapela, kanisa letu dogo. Wa nne uliwasha taa ndogo ili watu wajue kitu kile ki hai. Wa tano ulipima betri, betri kuukuu ya pikipiki inayochajiwa na jua. Mitano imekwisha. Mguu wa kwanza ulibaki mahali pake na kazi yake, na Madame aliusifia kama mtu anayemsifia mke mwema.

Wakati wa kuijaribu darasani tulisahau kuchomoa sireni. Sasa, mguu wa kwanza unakiamsha kidude tu; somo lenyewe kutoka kompyuta linaingilia mguu huohuo unaopiga sireni. Pisi ilipoanza kusoma, sireni ikalia kwa kukatikakatika, ta-ta-ta, na darasa zima likawa chini ya meza, mikono shingoni. Tulikuwa watoto wa vita, hatukuhitaji kuambiwa. Madame alishika ukuta kwa kicheko, machozi yakamtoka. "Pisi inasoma, nyiye munalala!" Tulitoka chini tukijikung'uta vumbi, tukacheka naye. Laiti tungeona siku ile tulichokuwa tunaonyeshwa.

Masika ya kwanza sireni ililia kwa sauti moja ndefu na watu wote wa kando ya mto walipanda kilima. Yaya alipanda wa mwisho, chungu cha unga kichwani, akimtukana mdogo wake njia nzima kwa kumkatizia biashara. Nyuma yake maji yalichukua choo chake na migomba yote. Madame alikuwa amekaa juu kwenye jiwe, analia na kucheka, anasema, "Tukana, Yaya. Tukana tu." Sijamwona mtu mwenye furaha kama ile tena.

Halafu vita vikasogea. Watu wa Kiringye walifika na magodoro kichwani, wakalala katika madarasa yetu. Askari waliopita hapo waliingia atelie ya shule, karakana yetu, wakamwuliza mlinzi ndani ya sanduku la Madame mna nini. Mlinzi, masikini, akajibu kama alivyosikia tukisema: "Ni mapisi." Wakaona kadi za simu, tena za bure! Wakabeba sanduku zima. Nadhani walilitupa kabla ya kufika darajani, baada ya kuangalia vizuri. Sisi tulibakiwa na pisi moja tu katika mji wote, ile iliyokuwa juu ya kapela.

Ndipo shefu wa mtaa alipokuja na wazee wake. Alikuwa mtu mwema, niseme ukweli, ila mwenye haraka.

"Madame, maji inatuua masika tu. Risasi inatuua kila siku. Hiyo sireni itulilie na risasi. Weka bouton, kijana akae ku mnara wa kapela, akiona banakuja, anabonyeza."

"Sauti moja kwa mambo mawili? Maji ikija, unapanda kilima. Risasi ikija, unalala chini mu nyumba. Muntu atajuaje?"

"Fanya sauti mbili. Ya maji iwe ndefu. Ya risasi ikatike. Si risasi inalia ta-ta-ta?"

Wazee wakatikisa vichwa, wakaona ni akili. Na ilikuwa akili, hata mtoto mdogo angeikumbuka. Madame akakataa. Alisema hana mguu, hata ule wa taa hawezi kuutoa, maana kitu kile kikizima watu wasingejua. Akasema mguu wa kwanza hauazimwi, shefu akafikiri goti linamuuma, hawezi kupanda ngazi ya kapela.

Alikataa mpaka risasi ilipotoboa mlango wa Yaya ikalala ndani ya gunia la unga. Yaya alikuwa ameketi kando yake, anapima. Hakusikia onyo lolote. Kesho yake Madame aliishusha pisi kutoka kapela akaja nayo darasani, macho mekundu. Alikaa kwenye kompyuta, na kabla ya kubonyeza alitugeukia sisi wachache tuliokuwa bado tunakuja shule.

"Munaona ninachofanya? Musifanye."

Akauazima mguu wa kwanza. Akaupa kazi ya kusikiliza bouton ya vita.

Tukafanya mazoezi kila Jumapili baada ya misa. Sauti ndefu, tunakimbia kilimani. Sauti ya kukatika, tunalala kifudifudi chini ya kitanda, mikono shingoni. Shefu alipita nyumba kwa nyumba kurekebisha mikono ya watu. Watoto waligeuza kuwa mchezo. Na ile ya kukatika ililia kweli, si mara moja, na watu wakapona, na Yaya akapona. Shefu alimletea Madame kuku. Naye Madame akaanza kulala, nadhani.

Mvua ziliporudi tulipanda kuijaribu sauti ndefu. Mimi nilishika ngazi. Ililia vizuri kidogo, halafu ikatetemeka, halafu ikakatika. Ta. Ta. Ta-ta. Nikamtazama Madame pale juu, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Nilielewa baadaye, aliponieleza kwa sauti ndogo. Mvua ndiyo inayoleta mto, na mvua hiyohiyo ndiyo inayoficha jua. Betri inadhoofika. Sireni ikilia kwa muda inanyonya umeme, pisi inazimia, sireni inanyamaza. Betri inapata pumzi, pisi inaamka, sireni inalia tena. Sauti ya maji inageuka sauti ya risasi. Na yenyewe pisi haina kosa, inafanya kama ilivyofundishwa.

"Kuirekebisha ni mstari mumoja," alisema. "Ninageuza tu. Ndefu iwe ya vita, ya kukatika iwe ya maji. Mstari mumoja!"

Lakini pisi haikusikia tena masomo. Alijaribu mchana kutwa, akiunganisha na kutenganisha, ingawa alijua vizuri kabisa kwamba haitawezekana. Alimwagiza mfanyabiashara mmoja pisi nyingine kutoka Bujumbura, ambako kwa siku za amani unakwenda asubuhi unarudi kula chakula cha mchana. Mpaka ulikuwa umefungwa. Betri nzuri nayo haikupatikana, zote zilikuwa zimechukuliwa na wenye bunduki.

Akakata waya wa vita. Kisha akachukua mwavuli wake akaanza kupita nyumba moja moja, mvuani, kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa Kifuliiru. "Tangu leo sauti yoyote ni maji. Ikatike, isikatike, ni maji. Pandeni." Watu wakamjibu: ndiyo, Madame. Shefu hakupenda, alisema anawachanganya raia. Yaya alimwambia, "Nimesikia. Siko kiziwi." Madame akamfanya arudie maneno yale kama mtoto wa darasa la kwanza, na Yaya akayarudia, bila kosa.

Siku yenyewe milio ya bunduki ilisikika kutoka bondeni tangu mchana. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya milima, meusi. Jioni, bado kunaonekana, sireni ikalia. Ilianza ndefu, nakuapia, ndefu kabisa. Halafu ikakatika.

Madame alitoka darasani akikimbia, nami nyuma yake. Alipiga milango kwa mwavuli. "Inukeni! Ni maji! Ni maji!" Ndani watu walikuwa wamekwisha kulala chini. Wengine walimhurumia, walimwita kutoka chini ya vitanda: "Madame, lala chini! Utapigwa!" Wapo waliotoka, waliomwamini au waliosikia mto wenyewe. Wengi hawakutoka. Tulipokaribia nyumba za chini maji yalikuwa yamekwisha kufika, yana rangi ya matope na kelele ya malori, na wanaume walimshika Madame mikono yote miwili wasimwachie.

Yaya tulimpata kesho yake, nyumba ilipotobolewa ukuta. Alikuwa chini ya kitanda, kifudifudi. Mikono yake ilikuwa shingoni, vizuri kabisa, kama shefu alivyomrekebisha.

Maneno yaliyofuata mnayajua, kila mji una yake. Wengine walisema Madame aliiuza sireni kwa upande fulani, ndiyo maana anajua lugha nyingi. Shefu alisema wazo lilikuwa la Madame. Kijana wa mnarani aliapa kwamba hakubonyeza chochote, na hakuna aliyemsadiki. Madame hakurudi shuleni, na mimi nikavuka ziwa na wengine waliovuka.

Nilimwona tena miaka mingi baadaye, niliporudi kwa boti na kushukia Kalundu. Pale bandarini, kati ya wabeba mizigo na wanawake wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, alikuwa ameketi nyuma ya fungu la chumvi, mwavuli umelazwa magotini. Amekonda. Nikamwamkia.

"Weye ni ule wa kikapu."

"Ndiye minye, Madame."

Akanisogezea gunia nikae. Tukaulizana habari za wafu na za waliosalia. Mambo yalikuwa yaleyale, milimani bunduki, bondeni bunduki, ila wenyewe wamebadilisha kofia. Sikutaka kuuliza, nikauliza.

"Ile pisi ya Bujumbura, ilifika?"

"Ilifika. Mpaka ulipofunguliwa yule bwana aliniletea, mutu wa haki. Iko mu nyumba, mu kikombe." Akasawazisha chumvi kwa kiganja. "Iko na miguu yake yote."

Kisha akasema, bila kuniangalia: "Minye nilifikiri ni pisi tu nimefunga, haisikie somo jipya. Pisi ingebadilishwa tu. Yaya alirudia maneno yangu vizuri, ulimusikia. Aliyarudia vizuri."

Hapo ndipo boti moja kuukuu ilipowashwa pale gatini. Mashine yake ilikohoa, ikashika, ikakata, ikashika tena. Ta. Ta. Ta-ta-ta.

Magunia yalianguka. Wabeba mizigo wakaanguka, wanawake wa ndagala wakaanguka juu ya beseni zao, na bandari nzima ikawa chini. Ni Madame peke yake aliyekuwa amesimama. Hakuangalia boti wala ziwa. Alikuwa amegeukia milima, kiganja juu ya macho, anaangalia kama kuna mvua.

Kisha nikahisi ncha ya mwavuli ikinigusa mgongoni, polepole. Pua yangu ilikuwa ndani ya magamba ya samaki na mikono yangu ilikuwa shingoni.

"Na weye," alisema. "Hata weye."

Sikuinuka mpaka mashine ilipozimwa.